Liguria: Bei ya Kuishi kwa Madaraja na Mahandaki

Dereva anayetoka Savona kwenda Genova kwa barabara ya A10 huliona jua kwa vipande. Anatoka gizani, bahari inajitokeza upande wa kulia, paa za nyumba ziko chini ya magurudumu yake, kisha mlima unammeza tena. Mkoa wa Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia, ni ukanda mwembamba uliopinda kando ya bahari, na hauna tambarare ya maana ya kupitishia barabara. Milima ya Alpi na Apenini inashuka karibu moja kwa moja hadi majini. Mito na mabonde yake yanaelekea kusini, ilhali barabara inataka kwenda mashariki na magharibi. Kwa hiyo tangu mwanzo mhandisi alikuwa na njia mbili tu: kutoboa mlima au kuruka bonde.

Kilichowasukuma Waitalia kujenga katika ardhi ya namna hii ni bandari. Genova ni lango la baharini la viwanda vya Milano na Torino, na kati ya lango na viwanda hivyo umesimama ukuta wa milima. Italia ilifungua moja ya barabara za kwanza duniani zilizotengwa kwa ajili ya magari peke yake, ile ya kutoka Milano kwenda kwenye maziwa ya kaskazini, mwaka 1924. Miaka 11 baadaye ikafungua Camionale, barabara ya malori kutoka Genova hadi Serravalle, ng'ambo ya Apenini. Leo hiyo ni sehemu ya A7, na upande mmoja wa A7 bado unafuata njia ile ile ya mwaka 1935, pamoja na kona zake kali zilizopimwa kwa malori ya enzi ya Mussolini. Upande wa pili ulijengewa njia yake baadaye. Lori la leo lenye kontena la futi 40 linateremka kwa uangalifu mkubwa mahali ambapo wapimaji wa zamani walifikiria gari dogo la tani chache.

Lakini mtandao wenyewe ni mtoto wa miaka ya 1960 na 1970. A6 kutoka Torino hadi Savona ilifunguliwa mwaka 1960. Kipande cha Genova hadi Savona kikafuata mwaka 1967, na kufikia 1971 barabara ilikuwa imefika Ventimiglia, mpakani mwa Ufaransa. A12 ikaelekea mashariki, upande wa Toscana. Mwaka 1977 A26 ikavuka milima kutoka Voltri hadi Alessandria. Chini ya miaka 20 mkoa uliokuwa ukitegemea barabara ya zamani ya pwani na reli ukajikuta na moja ya mitandao yenye madaraja na mahandaki mengi zaidi barani Ulaya kwa ukubwa wake. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Jambo ambalo halikusemwa wakati ule ni kwamba vitu vilivyojengwa kwa pamoja huzeeka kwa pamoja.

Vilijengwa kwa zege. Baada ya vita vya pili vya dunia chuma kilikuwa ghali nchini Italia na vibarua walikuwa rahisi kupatikana, hivyo wahandisi wake wakageuka mabingwa wa zege. Pier Luigi Nervi alilitumia kwa majumba ya michezo na maonyesho, Riccardo Morandi kwa madaraja. Kazi za Morandi zilifika mbali. Daraja la Paul Sauer linalopita juu ya mto Storms nchini Afrika Kusini, la mwaka 1956, ni lake. Daraja la Maracaibo nchini Venezuela, la mwaka 1962, ni lake. Na lile la bonde la Kuf mashariki mwa Libya, la mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni lake pia.

Lililompa jina zaidi kuliko yote ni daraja la bonde la Polcevera, mjini Genova, lililozinduliwa Septemba 1967 na rais wa Italia, Giuseppe Saragat. Lilikuwa na urefu wa mita 1,182 na minara mitatu yenye kimo cha mita 90, na lilipita juu ya reli, viwanda na nyumba za watu. Madaraja mengi ya leo yanayoning'inizwa kwenye minara hutumia makumi ya nyaya, ili waya mmoja ukichakaa ubadilishwe huku magari yakiendelea kupita. Morandi aliweka nyaya nne tu kwa kila mnara, kisha akazifunika kwa zege akiamini kwamba zege lingezikinga na kutu. Hapo kuna mambo mawili yanayopaswa kutazamwa kwa pamoja. Kwanza, waya mmoja ukikatika hakuna mwingine wa kubeba mzigo wake. Pili, ukaguzi wa macho hauwezi kuona chochote, kwa kuwa chuma kimezikwa ndani ya zege. Daraja lilikuwa zuri, na lilikuwa limejifungia siri yake.

Siri hiyo haikukaa muda mrefu. Kabla miaka ya 1970 haijaisha Morandi mwenyewe alikuwa ameandika juu ya uharibifu aliouona: chumvi ya bahari ikichanganyika na moshi wa viwanda vya chuma vilivyokuwa karibu ilikuwa ikilila zege haraka kuliko alivyotarajia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mnara mmoja kati ya mitatu uliongezewa nyaya mpya za nje. Miwili mingine haikuongezewa. Mpango wa kuiimarisha ulikuja kuandaliwa zaidi ya miaka 20 baadaye, ukapitishwa, na kazi ilitarajiwa kuanza mwishoni mwa 2018.

Tarehe 14 Agosti 2018, saa tano na dakika 36 asubuhi, mvua ikinyesha, mnara wa upande wa magharibi ulianguka pamoja na sehemu ya barabara iliyobebwa nao. Watu 43 walikufa. Zaidi ya 500 waliokuwa wakiishi chini ya daraja walihamishwa. Wataalamu walioteuliwa na jaji walihitimisha mwaka 2020 kwamba chanzo kilikuwa kutu iliyokula nyaya sehemu ya juu, na kwamba kwa miaka 25 hakukuwa na kazi yoyote ya maana ya kuzuia uchakavu huo.

Ni rahisi kuishia hapo na kumtafuta mwenye kosa. Mahakama ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kesi ilifunguliwa Julai 2022 ikiwa na washtakiwa 59. Kwa anayetaka kuelewa mtandao, swali lenye manufaa zaidi ni hili: kwa nini daraja ambalo wahandisi walijua kuwa lina matatizo halikufungwa hata kwa mwezi mmoja? Sababu ni kwamba halikuwa na mbadala. Lilibeba magari ya kwenda Ufaransa, ya kwenda bandarini, ya kwenda uwanja wa ndege na ya wakazi wa mji waliokuwa wakivuka bonde kwenda kazini. Kulifunga kungemaanisha kuyamwaga magari hayo yote katika mitaa ya Genova, mji ambao nao umebanwa kati ya mlima na bahari. Kila mwaka wa kusubiri ulionekana nafuu kuliko mwaka wa kufunga. Lilipoanguka, mji ulipata bure hesabu ambayo hakuna aliyetaka kuipiga: ukagawanyika vipande viwili, malori yakazunguka, bandari ikalia.

Mbadala ulikuwa umechorwa. Unaitwa Gronda, barabara ya kuzunguka nyuma ya mji, na umejadiliwa tangu miaka ya 1980. Mchoro wake una karibu kilomita 70 za njia mpya, na sehemu kubwa sana ya njia hizo iko chini ya ardhi. Mwaka 2009 Genova iliendesha mjadala wa hadhara kuhusu mradi huo, tukio lililokuwa jipya kabisa katika siasa za Italia, ambapo wakazi waliitwa kuchagua kati ya njia kadhaa kabla mkandarasi hajaonekana. Wapinzani walikuwa na hoja za kweli. Gharama ni mabilioni ya yuro. Nyumba zingebomolewa. Miamba ya magharibi ya Genova ina asbesto ya asili, kwa hiyo kifusi kutoka handakini kinaweza kuwa hatari kwa mapafu. Wahandisi walilazimika kubuni namna ya kukisafirisha kifusi hicho kikiwa tope, ndani ya mabomba, hadi kwenye eneo la kufukia baharini karibu na uwanja wa ndege. Wapo pia walioandika, mwaka 2013, kwamba habari za daraja la Morandi kukaribia kuanguka ni hadithi ya kuwatisha watu. Maandishi hayo yaliibuliwa tena Agosti 2018, na waliohusika hawakuwa na wiki nzuri.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba Gronda ingewaokoa watu wale. Hata kama ujenzi ungeanza mara baada ya mjadala wa 2009, mradi wa mahandaki ya ukubwa huo usingekuwa umekamilika mwaka 2018. Kosa lilikuwa la kuunganisha mambo mawili ambayo yalipaswa kutenganishwa. Kujenga barabara mpya ni uamuzi wa kisiasa unaoweza kujadiliwa kwa miaka 30. Kubadilisha waya uliooza ni wajibu usiosubiri kura.

Daraja jipya lilisimama haraka ajabu. Mchoro ulitolewa na Renzo Piano, mzaliwa wa Genova. Ujenzi ukafanywa na Salini Impregilo, ambayo leo inaitwa Webuild, pamoja na Fincantieri, kampuni ya kutengeneza meli. Lina urefu wa mita 1,067 na nguzo 18, limejengwa kwa chuma juu ya nguzo za zege, na lilizinduliwa tarehe 3 Agosti 2020. Ndani yake kuna mitambo ya kuondoa unyevunyevu ili chuma kisipate kutu, na roboti za ukaguzi zinazotembea kandokando. Wanasiasa wa Italia walianza kuzungumzia "mfano wa Genova" kana kwamba wamegundua dawa. Lakini kasi ile ilitokana na mazingira yasiyorudiwa: meya Marco Bucci alipewa mamlaka maalumu ya kuruka taratibu nyingi za zabuni, fedha hazikuwa tatizo, eneo lilikuwa limeshahamishwa watu, na wakazi wachache walithubutu kupinga. Nchi haiwezi kungoja watu 43 wafe ili ipate leseni ya kujenga upesi.

Wakati macho yote yalikuwa Polcevera, sehemu nyingine za mtandao zilianza kutoa taarifa zao. Tarehe 24 Novemba 2019, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka karibu na Savona na kufagia kipande cha daraja la Madonna del Monte kwenye A6. Hakuna aliyekufa. Chanzo hakikuwa ila ya daraja lenyewe; kilichoanguka ni mteremko ulio juu yake, ambao haukuwa mali ya barabara wala katika ratiba ya mkaguzi wa barabara. Kesho yake, madaraja mawili ya A26, Fado na Pecetti, yalifungwa kwa muda kwa hofu ya hali yake. Njia kuu za kutoka pwani ya Genova na Savona kwenda kaskazini ni tatu. Kwa saa kadhaa mbili kati ya hizo hazikupitika, na bandari kubwa ya Italia ikabaki inapumua kwa A7, ile yenye kona za mwaka 1935.

Kisha mahandaki. Tarehe 30 Desemba 2019, zege lenye uzito wa zaidi ya tani mbili lilidondoka kutoka darini mwa handaki la Bertè, kwenye A26. Kwa bahati halikumkuta mtu. Ukaguzi uliofuata ulifichua jambo ambalo mtu wa kawaida asingeliwaza. Mahandaki ya zamani huvuja, kwa sababu maji ya mlimani hayakubali kuzuiwa. Ili matone yasiwaangukie madereva, miaka mingi nyuma kuta na dari za mahandaki mengi zilipigiliwa mabati ya mikunjo ya kuyaelekeza maji pembeni. Mabati yalifanya kazi yake vizuri. Yalifanya na nyingine ambayo hayakutumwa: yaliziba zege lote lisionekane. Mkaguzi alikuwa akipita kwa gari lake, anaangalia bati safi, anaandika kwamba handaki ni zima.

Katikati ya mwaka 2020 wizara ya miundombinu ikaamuru mabati yafunguliwe na zege likaguliwe, handaki kwa handaki. Ukaguzi uliokuwa umeahirishwa kwa miongo ukabanwa katika wiki chache za kiangazi, msimu wa watalii, mara tu baada ya watu kufunguliwa kutoka majumbani kwa sababu ya korona. Foleni zikawa za kilomita nyingi. Serikali ya mkoa ikagombana hadharani na wizara na kampuni inayoendesha barabara hizo kwa mkataba. Malori yakakwama, mahoteli yakalalamika, wenye hasira wakauliza kwa nini kazi isifanywe usiku. Kwa sehemu ilifanywa usiku. Lakini handaki la njia mbili ukilikagua kwa kweli, ukigonga zege kwa nyundo na kutoboa sampuli, lazima ufunge walau njia moja, na barabara nyingi za Liguria hazina hata njia ya dharura pembeni ya kupumulia.

Inashangaza kwamba wakati huo huo mahandaki hayo yalikuwa chini ya sheria kali ya Ulaya. Machi 1999 lori lililobeba unga na siagi ya mimea liliwaka moto ndani ya handaki la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia, na watu 39 wakafa. Miezi miwili baadaye moto mwingine uliua watu 12 katika handaki la Tauern nchini Austria, na mwaka 2001 watu 11 wakafa Gotthard, Uswisi. Umoja wa Ulaya ukajibu kwa sheria ya mwaka 2004 inayodai milango ya kukimbilia, feni za kuondoa moshi, taa, mabomba ya maji na mawasiliano katika mahandaki ya zaidi ya mita 500 kwenye njia zake kuu. Ni sheria nzuri, imeokoa watu, na Italia ilichelewa kuitimiza. Ila sheria hiyo ilizaliwa na moto, hivyo ikatazama moto. Zege la dari lilibaki mikononi mwa ratiba za kampuni.

Hapa ndipo fedha zinapoingia. Mwaka 1999 serikali ya Italia iliuza kampuni ya Autostrade kwa wawekezaji walioongozwa na familia ya Benetton, pamoja na haki ya kutoza magari kwa muda mrefu. Mkataba huo sasa unafikia mwaka 2038. Katika mpango huo mapato hutegemea tozo, na matengenezo ni gharama. Kila yuro isiyotumika kwenye nguzo inabaki kwenye vitabu kama faida. Hilo peke yake si dhambi, ikiwa kuna mtu wa nje anayekagua nguzo. Lakini aliyekagua alikuwa SPEA, kampuni ya kundi lile lile. Katika kesi ya Genova kampuni hizo mbili zilimalizana na upande wa mashtaka kwa kulipa takribani yuro milioni 30, na mwaka 2022 serikali ilirudisha barabara mikononi mwake kupitia taasisi yake ya uwekezaji, Cassa Depositi e Prestiti, ikishirikiana na mifuko ya Blackstone na Macquarie. Wanahisa wa zamani waliondoka na mabilioni. Kufika kwa serikali hakujabadilisha hesabu: tozo ni zile zile, nguzo ni zile zile, na mifuko nayo inataka gawio lake.

Badiliko lenye uzito zaidi halikupigiwa tarumbeta. Sheria iliyopitishwa baada ya ajali ilianzisha wakala wa taifa wa usalama wa reli na barabara, ANSFISA, na mwaka 2020 Italia ikatoa mwongozo wa kuyapanga madaraja yake kwa viwango vya hatari, ukihesabu pia maporomoko ya ardhi na mafuriko yanayoweza kuyafikia. Kwa mara ya kwanza mteremko ulio juu ya daraja unahesabiwa kuwa sehemu ya daraja. Ni kazi ya makaratasi, ya polepole, isiyokatiwa utepe.

Genova yenyewe imeendelea kuchimba. Kama fidia ya mkasa wa Polcevera, kampuni ya barabara ilikubali kugharamia miradi kadhaa, ukiwemo handaki la magari lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3 chini ya bandari, ambalo kazi zake zilianza mwaka 2024. Limekusudiwa kuipokea sehemu ya magari yanayopita kwenye Sopraelevata, barabara ya juu ya miaka ya 1960 inayotenganisha mji mkongwe na maji yake. Wapo wanaoona kwamba fedha hizo zingeingia kwanza kwenye mahandaki yaliyopo. Hoja yao ina nguvu. Pamoja na hayo, mji usio na njia ya pili hauwezi kuitengeneza ya kwanza, na katika hilo handaki la bandari lina faida.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuifuata habari hii, kwani mikataba na madaraja ya aina ile ile vimeshafika kwetu. Barabara ya juu ya Nairobi, yenye kilomita 27, ilifunguliwa kwa magari mwaka 2022 chini ya mkataba wa miaka 27 wa kutoza. Daraja la Nyerere la Kigamboni, la mwaka 2016, lina mita 680 na limesimama kwenye hewa ya chumvi, kama daraja la Nyali la Mombasa lililolitangulia mwaka 1980. Daraja la John Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limeifuta foleni ya kivuko kwenye njia ambayo haina jirani wa karibu. Yote haya ni afadhali kuliko yaliyokuwepo, na mengi bado ni vijana. Huo ndio wakati wa kudai mambo mawili, kabla kutu haijaanza: kwamba ripoti ya ukaguzi wa kila daraja na kila handaki ichapishwe kila mwaka mahali ambapo mwananchi anaweza kuisoma, na kwamba aliyeiandika asilipwe na kampuni inayokusanya tozo. Wabunge wanaopitisha mikataba hii mjini Nairobi na Dodoma wanaweza kuyaandika hayo katika ukurasa mmoja.